Mwenye Jina la Amanirenas

Munyiva alitoka kwenda kununua maziwa saa kumi na mbili na robo, jua likiwa limekaribia kuzama nyuma ya vilima vya Ngong. Hakuwa anaenda mbali. Nakhumicha, jirani aliyefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba zao za kupanga pale Mutuini, alikuwa hatua hamsini tu kutoka mlangoni, na mtoto alikuwa amelala ndani na nyanya yake. Munyiva alibeba sufuria ndogo yenye kifuniko, akavaa slipa za mumewe, akaenda.

Nakhumicha alikuwa mwanamke wa Bungoma, mwingi wa kicheko. Hakuna aliyewahi kupimiwa maziwa kwake bila kupimiwa na udaku juu. Lakini jioni hiyo alikuwa kimya. Alimimina maziwa polepole, akayatazama yakijaa.

"Jirani," alisema, "sikujua ulipata mapacha."

Munyiva akacheka. "Mapacha wa wapi? Huyu mmoja tu amenimaliza."

"Ni mmoja?"

"Si ulikuja kumwona? Ni mmoja."

Nakhumicha alifunika sufuria akampa, lakini hakuiachilia upesi.

"Basi mimi sijui. Jana nikikamua hapa, nilisikia mtoto analia kwa nyumba yako. Nikasema huyo ni Amani. Halafu mwingine akaanza huku nyuma, kwa majani ya ng'ombe. Wakalia pamoja. Huyu akinyamaza, yule anaendelea."

"Hao ni paka, mama."

"Nimezaa watano mimi," Nakhumicha alisema kwa sauti ya chini. "Paka nazijua."

Munyiva alirudi nyumbani haraka kuliko alivyokwenda. Hakuamini. Ila maziwa yalimmwagikia mkononi njia nzima, na hakuona.

Tuseme ukweli, jina la mtoto halikuwa jina la Mutuini. Amanirenas! Nesi wa kliniki aliliandika mara tatu na kulifuta mara tatu, akasema, "Madam, hii jina inakataa kuandikika." Mchungaji alilisoma siku ya kumweka mtoto wakfu akakwama katikati, kanisa zima likacheka. Majirani walilikata likawa Amani, na Munyiva akawasahihisha mmoja mmoja mpaka akachoka.

Alilipata kazini. Munyiva alikuwa mjalidi wa vitabu katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu huko mjini, chumba chenye harufu ya gundi na karatasi kuukuu. Aliletewa vitabu vilivyochanika migongo, akavishona upya kwa uzi na sindano. Mjalidi mzuri hasomi, maana akisoma kazi haiishi. Lakini siku moja kitabu cha historia kilifunguka mapajani mwake, akamwona malkia wa Kushi, kusini mwa Misri ya kale, mwanamke mwenye jicho moja aliyepigana na majeshi ya Roma. Inasemekana watu wake walichukua kichwa cha sanamu ya mfalme wa Warumi wakakizika chini ya ngazi, ili kila apitaye akikanyage. Munyiva, ambaye hata konda akimpigia kelele alinyamaza, alilipenda jina hilo kwa moyo wote. Akasema binti yake ataitwa hivyo, na hakuna atakayemkanyaga.

Aliyeumia ni mama mkwe wake, Kavutha. Kwa desturi ya Wakamba, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Kavutha alisafiri kutoka Kitui na kitenge kipya cha kumbebea somo wake, akafika, akaambiwa Amanirenas. Hakugomba. Alikunja kitenge akakirudisha mkobani, na tangu siku hiyo alimwita mtoto "kana" tu, yaani kitoto kwa Kikamba. Hilo jina kubwa halikuwahi kupita midomoni mwake.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Munyiva hakuwa amemwambia mtu. Hata Mutie, mumewe, hakulijua.

Siku mbili baada ya maneno ya Nakhumicha, Munyiva alichelewa kuanua nepi. Alijua vizuri kwamba nguo za mtoto mchanga haziachwi nje giza likiingia. Kila mama alijua, wa Kitui na wa Bungoma, hata wale wa Karen ambao Mutie aliwatengenezea mabomba ya maji, wenye mashine za kukausha. Alikimbia nyuma ya nyumba. Waya wa kuanikia ulikuwa umefungwa kati ya ukuta na mti wa ua, na ng'ambo ya ua yalianza majani ya ng'ombe ya Nakhumicha, marefu kumpita mtu.

Ndani, mtoto alianza kulia.

"Nakuja, Amanirenas!" aliita, akivuta nepi moja moja. "Amanirenas, mama anakuja!"

Mtoto wa ndani akanyamaza.

Na majani yakaitika.

Kilikuwa kilio chembamba, kilichokauka, cha mtoto aliyelia muda mrefu bila kubebwa. Kililia kidogo... kikavuta pumzi... kikalia tena. Hakikutoka juu ambako paka hupanda. Kilitoka chini, usawa wa magoti. Kisha ikaja harufu. Munyiva aliijua kabla haijamfikia vizuri. Dawa ya hospitali, ile ya kupangusia sakafu, na maziwa yaliyoganda kwenye nguo.

Nepi zilimponyoka. Aliziokota, akaingia, akafunga mlango kwa makomeo yote mawili.

Kavutha alikuwa amekaa kitini na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa macho. Hakulia wala hakusogea. Alikuwa anatazama mlango, na alipopewa ziwa hakulishika.

Ikawa hivyo kila jioni. Yule wa nje akianza, huyu wa ndani ananyamaza na kukataa kunyonya mpaka asubuhi. Kliniki walimpima, na ule mstari wa uzito kwenye kadi, ambao ulikuwa umepanda vizuri wiki nane, ukainama. Wiki iliyofuata ukainama zaidi. Wakampima damu, wakasema hana kitu. Mikono yake ikawa kama vijiti vya kuchokoa meno. Munyiva alimwogesha huku anahesabu mbavu, na machozi yake yakaanguka kwenye maji ya beseni.

Nakhumicha alikuja na uji. "Kwetu mtoto akikataa hivi, mwenye jina lake anamsumbua," alisema. "Anaitiwa majina ya waliokufa, mpaka atulie na moja." Aliita majina ya kwao, yakaisha. Kavutha aliita ya kwao, yakaisha. Mtoto aliendelea kutazama mlango.

Nakhumicha alipoondoka, Kavutha hakuinuka kitini. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha mikutano ya Ijumaa, na hakuwahi kuona ugomvi wowote kati ya Biblia yake na mambo aliyofundishwa na mama yake. Akamgeukia mkaza mwana wake.

"Munyiva. Hii jina... ni ya nani?"

"Ni ya malkia, mwaitu," Munyiva alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nilikwambia. Wa zamani sana."

"Sikuulizi malkia. Huyo amelala huko kwao, hana haja na sisi. Nauliza, ni nani mwingine uliita hii jina?"

Hapo Munyiva alivunjika. Alilia kilio alichokuwa amekizuia miaka miwili.

Huyu hakuwa binti yao wa kwanza. Wa kwanza alizaliwa Aprili ya mwaka juzi, kabla ya siku zake, katika hospitali moja ya mjini. Akawekwa kwenye kisanduku cha kioo. Jioni ya siku ya pili nesi alimwambia Munyiva anaweza kupitisha mkono kwenye tundu. Akapitisha kidole kimoja, na kile kiganja kidogo kikakishika. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto halikufunguka. Lilikuwa limefumba tangu azaliwe. Saa moja baadaye yote mawili yalikuwa yamefumba. Karatasi ziliandikwa "Mtoto wa Munyiva," na Mutie, akilia waziwazi kwenye korido, alitia sahihi kwamba hospitali imzike. Watu wa nyumbani waliwatuliza kwa njia waliyoijua. Hajafika siku ya tatu, walisema. Hajapewa jina. Mtoto asiye na jina bado ni wa aimu, mizimu ya ukoo, na wamemchukua tu aliye wao. Msimlilie sana.

"Hata mimi nilisema hivyo," Kavutha alisema polepole.

"Lakini alikuwa na jina, mwaitu! Nilimwita tangu akiwa tumboni. Kila siku, nikishona vitabu. Na pale kwenye kioo nilimwita. Nilisema, Amanirenas... na akafungua jicho. Aliitika." Munyiva alijifuta uso kwa nepi. "Wote mlisema hana jina. Nikaona basi halina mwenyewe. Nikampa huyu. Sikutaka lipotee."

Kavutha alifumba macho. Alionekana mzee ghafla.

"Ukimpa mtoto jina, amekuwa mtu," alisema. "Alikuwa mtu, na tumemwacha kama takataka. Sasa kila jioni unaita jina lake, na yeye anakuja. Anakuta kuna mwingine ameshika titi lake. Mwana wakwa, mwanangu, ungeniambia."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Mutie hakuenda kazini Karen. Alikuwa mtu wa mabomba, na kwake kila tatizo lilikuwa na mahali linapovuja, lakini alipomwona binti yake kwenye mwanga wa asubuhi alikubali kila alichoambiwa. Kavutha alimpa uzi wenye shanga tano za buluu. Mutie aliufunga shingoni mwa mtoto kama baba wa Kikamba anavyopaswa, kwa kile kifundo chake cha kazi, cha mizunguko mitatu, ambacho hakifunguki ila kwa kisu.

"Wewe ni Kavutha," alimwambia mtoto.

Bibi kizee alitoa kile kitenge mkobani, akambeba somo wake kwa mara ya kwanza akimwita jina lake mwenyewe. Asubuhi hiyo mtoto alinyonya. Kidogo, lakini alinyonya. Munyiva alifurahi na kuona uchungu kwa pamoja, maana jina lake alilolipenda lilikuwa limetoka nyumbani.

"Bado moja," Kavutha alisema. "Leo jua likizama, utaenda peke yako. Ubebe nguo ambayo yule alivaa. Umwite mara moja. Umwambie, hii jina ni yako, shika, enda nayo. Halafu ukae kimya."

"Nisimwombe msamaha?"

"Moyoni. Kwa mdomo, hapana. Na sikiza vizuri. Usimwambie njoo. Hata alie namna gani, usimwambie njoo. Mtoto akiitwa na mama yake, nani atamzuia?"

Saa kumi na mbili na nusu Munyiva alisimama kwenye waya, ameshika fulana ya manjano isiyozidi kiganja. Mutie alikaa mbele ya nyumba, kwenye ngazi. Kavutha alikuwa ndani na mtoto. Jua lilikuwa limeingia, mwanga tu ulibaki. Ng'ombe wa Nakhumicha aliyekuwa akila aliacha kutafuna.

"Amanirenas," Munyiva aliita.

Majani yakasogea. Si kwa upepo. Yalisogea chini, kidogo kidogo, kama mtu anavyotambaa akipumzika. Harufu ya hospitali ikaja. Ikaja na pumzi... fupi... fupi... yenye kwikwi.

Kitu kilisimama nyuma ya ua. Hakukiona. Aliona majani mawili tu yaliyokuwa yamepinda, na kati yake, giza lililokuwa zito kuliko giza jingine.

"Hili jina ni lako," Munyiva alinong'ona. "Shika. Enda nalo."

Alitundika fulana kwenye ua. Haikuanguka. Ilivutwa.

Akakaa kimya, kama alivyoagizwa. Majani yakaanza kusogea tena, sasa kuelekea kule ng'ambo. Alikuwa anaenda. Alikuwa anatii! Kile kilio kilianza upya, lakini hakikuwa tena cha kudai. Kilikuwa cha mtoto anayeachwa na hajui amekosa nini, na kilizidi kwenda mbali, na kuwa kidogo.

Maziwa yalitoka yenyewe. Blauzi ikalowa mpaka kiunoni. Munyiva aliuma ngumi. Alikumbuka kidole chake kwenye kioo, na jinsi alivyokivuta pale nesi aliposema muda umekwisha. Yeye ndiye aliyekivuta. Mtoto hakuwa amekiachilia.

"Njoo," alisema.

Lilimtoka kabla hajajua.

"Njoo, mama. Kidogo tu. Nikuone."

Kilio kilikatika.

Kitu baridi kilipita miguuni pake, kikigusa slipa, kikielekea nyumbani.

Mlango wa jikoni ulilia bawaba.

Ndani, mtoto alipiga ukelele mmoja... ambao haukuisha. Ulikatwa.

Munyiva alikimbia akajigonga ukutani, akaingia. Kavutha alikuwa amekaa palepale, chini ya taa, anatabasamu. Mtoto alikuwa mapajani mwake, ametulia, anapepesa macho kwa usingizi.

"Ameshtuka kidogo tu, akanyamaza," Kavutha alisema. "Ona, sasa haangalii mlango. Umeshikwa na njaa, eh, somo? Munyiva, ulimwambia vile nilikwambia?"

Munyiva alimchukua mtoto. Mtoto alilishika ziwa kwa nguvu, akanyonya kama aliyenyimwa miaka miwili.

"Ndiyo, mwaitu," alisema.

Mstari wa kwenye kadi ulipanda. Mashavu yakajaa, mikono ikapata pingili. Nesi alisema, "Sasa huyu ni mtoto!" Mutie alianza kupiga mbinja akienda kazini. Baada ya wiki tatu walimsindikiza Kavutha mpaka gari la Kitui, na bibi kizee akapanda akiwa amejaa furaha, akipunga mkono dirishani na kuita jina lake mwenyewe. Mtoto hakugeuka. Walisema bado ni mdogo.

Shanga hazikuwepo shingoni. Munyiva aligundua asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya jioni ile, akamwambia Mutie amezitoa ili zisimkabe. Ulikuwa uongo wa pili. Wa tatu ulikuja vivyo hivyo, bila shida.

Halafu jicho la kushoto likaanza kuamka limefumba. Mwanzoni alilipangusa kwa maji ya chumvi, likafunguka. Baadaye halikufunguka. Alimpeleka kliniki ya macho karibu na Adams Arcade. Daktari, kijana mpole, aliinua kope akamulika, akasema jicho ni zima kabisa. "Ni vile tu hataki kulifungua, mama. Tumpe muda." Munyiva alitoka hapo akakaa kwenye benchi la kituo, magari matatu yakampita. Mtoto alimshika kidole. Alikishika hasa, kwa kiganja kizima, akamtazama kwa jicho moja.

Jioni hiyo alikwenda kuanua nepi. Mtoto alikuwa mgongoni. Kwenye ua, pale alipokuwa ametundika ile fulana, palikuwa na uzi wenye shanga tano za buluu. Kifundo cha Mutie kilikuwa bado kimefungwa, mizunguko mitatu.

Majani yakalia.

Hakikuwa kilio kile kikavu. Alikijua. Alikuwa amekisikia wiki kumi na moja, mchana na usiku, alikuwa amekilalamikia, alikuwa amekiimbia.

"Kavutha?" alinong'ona.

Kilio kikanyamaza. Ng'ambo ya ua, kitu kidogo kilikuwa kinapumua, kinangoja.

Munyiva alijua neno lililobaki. Lilikuwa moja tu, na alishaliona linavyofanya kazi. Alifungua mdomo. Mgongoni mwake, mtoto mwenye jicho moja alijibana, akaweka shavu la joto kwenye shingo yake, na hakulia. Miaka miwili alikuwa amelia. Sasa alinyamaza tu, akingoja kuona kama mama yake atavuta tena kidole.

Aliufunga mdomo.

Alianua nepi zote isipokuwa moja. Hiyo aliinyoosha vizuri kwenye waya, upande wa ua, akaingia ndani.

Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Mutie aliiona akauliza, "Si mlisema nguo ya mtoto hailali nje?" Akamjibu amesahau. Alikuwa akisahau moja kila jioni.

Mwezi huo mvua haikunyesha hata siku moja. Lakini kila asubuhi, alipotoka na beseni, aliikuta ile nepi imelowa mkojo, na ina joto bado. Munyiva aliifua pamoja na zingine.